Mke wangu anataka tuhamie Texas, mi Minnesota sitoki

Dada Mkubwa shikamoo. Na kama kuna Mhehe hapo karibu yako mwambie kamwene.

Mi ni mtu wa Mafinga, miaka 46, niko Minnesota tangu 2009, tunakaa vitongoji vya kaskazini mwa Minneapolis. Naenda moja kwa moja kwenye tatizo maana hapa naandika nikiwa mapumziko ndani ya gari la kazi. Mke wangu anataka tuhamie Houston, mi sitaki, na hiyo habari imeshatufikisha mahali tunaongea kupitia watoto, "mwambie baba yako chakula kipo mezani", hivo yani.

Kwanza ujue mi na Minnesota tumetoka mbali. Dayosisi yetu ya Iringa ina undugu na sinodi ya Saint Paul huku Minnesota, wanauita Bega kwa Bega, kwa hiyo toka nikiwa kijana nawaona wageni wa Minnesota wanakuja usharikani wanaimba nyimbo zetu kwa Kiswahili cha kubahatisha, nimelijua jina la Minnesota kabla sijaijua Kariakoo. Nilivopata grini kadi ya bahati nasibu wenzangu wakawa wanataja New York, mi nikasema naenda kwa watu ninaowajua. Nimefika mwezi wa 12, natoka tu nje ya eapoti nywele za puani zikaganda. Nikacheka peke yangu. Nikasema hii si ni Makete tu iliyozidishwa.

Leo mi ni dereva wa manispaa. Kiangazi tunaziba mashimo ya barabara, baridi nasukuma theluji. Zamani nilikuwa na malori ya magogo Sao Hill, kwa hiyo chuma kikubwa sikiogopi. Januari 30 mwaka 2019 ilivofika nyuzi 28 chini ya sifuri kwa Fahrenheit, yani kama 33 chini ya sifuri kwa zile za kwetu, posta yenyewe ilisitisha kupeleka barua, mi nilikuwa barabarani. Huku magari ya theluji yanaheshimika dada, idara ya barabara ya jimbo inapigisha kura wananchi wachague majina ya kuyapa, kuna moja linaitwa Plowy McPlowface, nani mwingine duniani anafanya hivo?

Nalipenda hili jimbo sijui nikwambieje. Wanasema maziwa elfu kumi ila ukihesabu vizuri ni 11,842 na mi nimeshavua kwenye zaidi ya arobaini, ikiwemo kukaa juu ya barafu na kitundu changu. Maonesho ya jimbo mwisho wa Agosti sikosi, kuna binti wa wafugaji anachongwa sura kwenye bonge la siagi la kilo arobaini ndani ya chumba cha vioo chenye baridi kinachozunguka, mi nasimama kuangalia mpaka watoto wananivuta shati. Ule mchezo wa watoto wa kukaa duara na kukimbizana, Marekani yote wanataja bata bukini, sisi tu tunataja bata wa kijivu, na mwanangu wa miaka 11 anajua hivo. Nyuma ya nyumba kila Disemba namwaga maji yagande acheze hoki. Vikings, timu yetu ya mpira wa Kimarekani, wamefika fainali ya Super Bowl mara nne wamepigwa zote nne na bado nimo. Bendera mpya ya jimbo ya 2024 ninayo gereji.

Sasa shemeji yangu, kaka wa mke, yuko Houston. Kila Januari anatuma video anachoma nyama peku nje ya nyumba. Mwaka jana kwenye Thanksgiving alikuja kwangu, mezani mbele ya wageni akaniambia "shem, yani unailipa serikali kodi ili ikupe baridi?" maana Texas hawana kodi ya mapato ya jimbo. Watu wakacheka. Mke wangu akacheka. Mi nikajibu Texas ni ya watu walioshindwa maisha ya kiume, nikaongeza na habari za watu wa pwani, na mke wangu ni wa Tanga, basi ikawa kesi.

Kilichonifanya nikuandikie ni Januari hii. Mke wangu ni nesi wa leseni, LPN wanavoita huku, yuko nyumba ya wazee shifti ya usiku. Karudi asubuhi kakuta tuta la theluji mdomoni mwa draivuwei, ile njia ya gari ya kuingilia nyumbani. Plau, hilo gari la kusukuma theluji, ikipita lazima iache tuta, siyo mtu kapenda. Mtaa wetu uko kwenye ruti yangu kwa hiyo najua. Badala ya kunipigia kapaki barabarani, kakaa ndani ya gari, binti yetu kamwona dirishani gari limezimwa mama yake kakaa tu gizani kama dakika ishirini. Afu akatoka akaanza kuchimba na beleshi na zile nguo za kazi. Kaingia ndani hajasalimia, akasema "mwaka mwingine mi sipo hapa". Nilivorudi saa sita mchana nikamwambia mbona mtaa mzima wana matuta. Hakujibu.

Nimejaribu kuwa muungwana, nikamwambia basi kama amechoka na mji huu twende Duluth kuna ziwa kubwa kama bahari. Akaniangalia tu.

Binti ana 16, yuko darasa la 11. Nyumba tunalipia bado. Dada, niache kazi na jimbo langu nikawe mtu wa kuishi karibu na shemeji? Na huko Houston ntasukuma nini?

Baba wa Wawili, Minnesota

*

Marahaba mdogo wangu. Kamwene na wewe.

Duluth! Mwanamke wa Tanga analia baridi we unampeleka saa mbili na nusu zaidi kaskazini afu unaniandikia kwamba ulikuwa muungwana. Nimeisoma hiyo sentensi kwa sauti hapa nyumbani, mzee wangu kainamisha kichwa mezani kwa kucheka, ila baadaye akasema huyo jamaa anapenda kweli kwake. Nami naona hivo. Sitakukejeli kwa kulipenda jimbo. Mtu aliyetua kwenye nchi ya watu na mabegi mawili akajenga hadi kujua hesabu ya maziwa, huyo hakudandia, amekaa. Wengi wetu huku miaka ishirini bado tunaishi kama tuko stendi.

Ila barua yako ina kitu hukukiona wakati unaandika, ntakirudia mbele.

Tuanze na hesabu maana shemeji yako amekushinda kwa hesabu ya uongo na we ukamjibu kwa matusi, wote mmekosea. Ni kweli Texas haikati kodi ya mapato ya jimbo na Minnesota inakata, inaanzia asilimia 5.35 inapanda hadi 9.85 kwa wenye nazo, nyinyi wawili sehemu ya mshahara nadhani iko kwenye ile ya 6.80. Hiyo ni hela, usijifanye si hela. Lakini Texas nayo ina shule na polisi na barabara za kugharamia, hela inaitoa kwenye kodi ya majengo. Maeneo ya Houston kulipa asilimia mbili na kitu ya thamani ya nyumba kila mwaka si ajabu, kwa hiyo nyumba ya dola 350,000 unakuta 7,000 au zaidi imeondoka, mwaka baada ya mwaka, uwe na kazi usiwe nayo. Kuna punguzo la nyumba unayoishi mwenyewe, ila unaliomba, haliji lenyewe. Na zile nyumba mpya nzuri za Katy na Cypress, pembeni ya Houston, anazopiga video shemeji, nyingi zimo kwenye wilaya za maji na maji taka, wanaziita MUD, nazo zina kodi yake juu ya kodi. Muulize shemeji, kwa upole, mbele ya mke wako, ataje: kodi ya majengo kiasi gani, MUD kiasi gani, bima ya nyumba kiasi gani, bima ya mafuriko anayo au hana. Bima ya nyumba ya kawaida mafuriko haimo, watu wengi wa Houston walilijua hilo Agosti 2017 kimbunga Harvey kilivokuja.

Na umeme. Mwezi wa pili 2021 baridi iliingia Texas gridi ikashindwa, watu wakakaa siku kadhaa gizani kwenye nyumba ambazo hazikujengwa kwa baridi, idara yao ya afya ilihesabu vifo 246. Julai 2024 kimbunga Beryl kikaacha wateja zaidi ya milioni mbili wa Houston bila umeme kwenye joto lile. Sikutishi, nakupa kitu cha kusema mezani badala ya "maisha ya kiume", ambayo mdogo wangu ilikuwa aibu, kamwombe mkeo radhi kwa hilo peke yake bila kulichanganya na mengine.

Sasa upande wa mkeo, maana na we umemficha kwenye barua. Umeniambia maziwa mangapi umevua, umeniambia kilo za siagi, ila mkeo umeniambia mawili tu, ni wa Tanga na ni LPN. Ngoja nikuhesabie Januari yake. Disemba na mwanzo wa Januari kwenu jua linazama kwenye saa kumi na nusu jioni, linachomoza karibu saa mbili asubuhi. Mtu wa shifti ya usiku anaamka jua limeshaondoka, anaingia kazini giza, anatoka kazini giza, anafika nyumbani giza bado. Anaweza kumaliza wiki nzima hajaliona jua uso kwa uso. We saa nne asubuhi uko juu ya gari lako kubwa, theluji inang'aa, watoto wanakupungia mkono. Mnaishi Minnesota mbili tofauti bwana. Yako nzuri sana. Yake ni taa za korido na maegesho ya magari.

Kukaa dakika ishirini kwenye gari lililozimwa siyo deko wala upwani. Mi nimekaa Ohio miaka sita kabla ya kuja huku Maryland, na baridi ya Ohio ni ya kitoto ukiilinganisha na yenu, lakini kuna Februari moja nilikuwa nakaa bafuni nimefungulia maji ili watoto wajue naoga. Nilikuwa sifanyi chochote. Kwa hiyo kabla ya Houston na kabla ya kitu kingine, mkeo aonane na daktari, aseme kabisa hali inakuja na baridi inaondoka na baridi, hiyo kitu inajulikana, ina tiba, kuna na zile taa kali za kukaa nazo asubuhi. Na aombe shifti ya mchana. We ongezea overtaimu kama itabidi, mwenyewe umesema chuma hukiogopi.

Haya, kuhama. Kama mngehama leo mngefanya kosa, nitakwambia kwa nini, ila usikimbilie kumsomea mkeo sentensi hii ukaishia hapa.

Binti yuko darasa la 11. Ukimtoa sasa unamvuruga mwaka ambao vyuo vinauangalia kuliko yote, na Texas ili mwanafunzi ahesabike ni mkazi kwa ajili ya ada wanataka familia iwe imekaa miezi 12 kwanza. Mkihama akiwa katikati ya darasa la 12 anaweza kujikuta Minnesota ameshatoka na Texas hajaingia, ada inakuwa ya mgeni kotekote. Akae amalize. Na huko kwenu wanafunzi wa madarasa hayo wanaruhusiwa kusoma masomo ya chuo bure wakiwa bado sekondari, kama binti hajaanza muulizie kesho, umekazana na bata wa kijivu hela halisi inakupita.

Pensheni yako ya manispaa. Hiyo inahesabiwa kwa miaka uliyotumikia na mshahara wako wa juu, ukitoka mapema huipotezi lakini inadumaa pale ulipoiachia. Omba makadirio kwa maandishi ya tarehe tatu: ukitoka mwakani, ukitoka baada ya miaka mitano, ukibaki mpaka mwisho. Weka hizo karatasi mezani mke na mume mzione wote. Kuhusu utasukuma nini Houston, usijidharau, dereva mwenye leseni ya magari makubwa anayejua kuziba mashimo Texas hakosi kazi. Utakachokosa ni kupungiwa mkono, na nadhani hicho ndo kinachokuuma, na sikucheki.

Leseni ya mkeo nayo ianze sasa hivi, mhame msihame. Minnesota haimo kwenye ule mkataba wa majimbo unaomruhusu nesi kufanya kazi jimbo lingine kwa leseni yake ya nyumbani, Texas imo. Kwa hiyo inabidi aombe leseni Texas kivyake, alama za vidole, na wana kamtihani ka sheria za unesi za jimbo lao. Atakuta huko LPN wanamwita LVN, kazi ileile. Mwambie aombe. Najua moyo utakupiga, utaona kama unamfungulia mlango, na kweli unamfungulia, si ndo maana ya kumpenda mtu.

Halafu sikiliza hapa. Wale wazee wa usharika wenu, wale wenye nywele nyeupe wanaoleta hotidishi, kile chakula chao cha kuoka, kwenye misiba, waliozaliwa hapohapo Minnesota na babu zao pia, umeshawahi kujiuliza kwa nini Januari mabenchi ya mbele kanisani yanakuwa matupu? Wapo Arizona, wapo Florida, na wengine wako kusini kabisa ya Texas karibu na mpaka wa Meksiko, huko wenyeji wanawaita Winter Texans, yani Wateksasi wa baridi. Wanarudi mwezi wa nne barafu ikiyeyuka wanasema hakuna pahali kama Minnesota. Na hakuna anayewaambia wameshindwa.

Mikataba ya muda ya manesi mara nyingi ni wiki 13. Leseni ya Texas ikitoka, baridi ijayo mkeo achukue mkataba mmoja Houston, aanze Januari, alale kwa kaka yake ambaye ana vyumba vya kutosha kama video zinavoonesha, Aprili arudi. Itakuwa ngumu, utapika, utafua, utampeleka kijana hoki saa kumi na moja alfajiri na plau inakusubiri, omba mapema mtu wa kukushikia zamu. Lakini mtajua kitu ambacho sasa hivi hakuna anayejua kati yenu: kwamba anachokimbia ni baridi, au ni shifti ya usiku, au ni nyumba. Na ye atajua Houston kwa macho yake siyo kwa simu ya kaka.

We kwa zamu yako nenda na mkeo Houston Agosti, wiki mbili. Usiende Krismasi, Krismasi kila mtu anaipenda Houston. Agosti, jasho lile, panda gari la shemeji la kwenda kazini saa moja asubuhi kwenye foleni. Mkeo atalitambua lile joto mara moja, ni Tanga tupu, we utaumwa kichwa, vizuri, naye akuone ukiumwa kichwa. Ila mkiwa huko usifungue mdomo kulinganisha majimbo, nakuonya, hao watu ndo wenyewe kwa kujivunia jimbo, walikuwa nchi kamili toka 1836 hadi 1845 na mpaka leo watoto shuleni asubuhi wanakula kiapo kwa bendera ya Marekani halafu wanakula kingine kwa bendera ya Texas. Bendera yako ya gereji ina umri wa mtoto wa chekechea. Utapigwa.

Na msifungwe na majimbo mawili kama ni Simba na Yanga. Kuna North Carolina, kuna Kentucky, Waswahili wapo, baridi ipo ya kiasi, jua lipo. Huku kwetu Maryland sikushauri, nyumba zina bei za kichaa, mi nipo kwa sababu mzee kazi yake iko hapa. Mkae mwandike kila mmoja vitu vitatu ambavyo akivikosa hawezi kuishi, msioneshane mpaka mmalize. Nina wasiwasi kwenye karatasi ya mkeo hakuna neno Texas.

Nimesema ntarudi kwenye kile ambacho hukukiona. Umeandika mtaa wenu uko kwenye ruti yako. Yani lile tuta uliliacha wewe. Saa tisa au saa kumi usiku umepita mbele ya nyumba yako mwenyewe, umeona taa ya barazani, ukajua mke wangu anarudi saa moja na nusu, ukalisukumia tuta mlangoni kwake ukaendelea kufungulia watu njia mpaka saa sita mchana. Najua sheria, gari la manispaa haliruhusiwi kusafisha draivuwei ya mtu hata ikiwa ya dereva. Sikulaumu kwa tuta. Ila ulivorudi, cha kwanza ulichomwambia ni kwamba majirani nao wana matuta.

Una majirani, na mmoja hapo hakosi kijana wa miaka 15 na mashine ya kurushia theluji. Mpe dola thelathini kila ikishuka, sharti moja, draivuwei iwe wazi saa moja na robo asubuhi. Mpigie leo ukishuka kwenye gari, usisubiri utabiri. Afu nyumbani leo usimtume mtoto, nenda mwenyewe mezani ukale.

Niandikie mwezi wa nne, na hesabu ya kodi ya shemeji uje nayo.

Dada Mkubwa